Faiba, redio, 4G, setilaiti au waya wa simu: ipi inajibu haraka nyumbani kwako Mombasa?

Mabango ya intaneti huandika Mbps (megabiti kwa sekunde, yaani kasi) kwa herufi kubwa, na watu wengi huchagua kwa namba hiyo peke yake. Kisha mtu wa Kisauni mwenye Mbps 40 anafungua mkutano wa video na maneno yake yanafika vipande vipande, huku jirani mwenye Mbps 8 anaongea bila kukatika. Kinachowatenganisha ni hali ya laini: pakiti, yaani kipande kidogo cha data, inachukua muda gani kwenda na kurudi, na inalazimika kurudiwa mara ngapi njiani.

Ulinganisho huu unapima njia tano kwa jambo hilo: waya wa shaba wa simu, faiba (uzi wa kioo unaobeba mwanga), redio ya juu ya paa, modemu ya 4G au 5G, na setilaiti. Bei haimo, maana ofa hubadilika kila baada ya miezi michache, na bei nafuu kwenye laini mbovu ni hasara tu.

Vipimo vinavyotumika

Muda wa kujibu ni milisekunde zinazopita tangu kompyuta yako itume pakiti hadi jibu lirudi. Kwa mazungumzo ya sauti, ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza kuchelewa kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Zaidi ya hapo watu huanza kukatizana maneno. Kwenye tovuti nao ni muhimu. Ukurasa mmoja huhitaji safari kadhaa za kwenda na kurudi kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Milisekunde 200 mara sita ni sekunde 1.2, hata kama umelipia Mbps 100.

Kuyumba ni tofauti kati ya jibu moja na lingine. Laini inayojibu kwa 60 kila mara ni bora kuliko inayojibu kwa 20 kisha ikaruka hadi 300, kwa sababu programu ya simu hujiwekea akiba ya sauti kufuatana na ile miruko mikubwa. Pakiti zinazopotea ni ndugu wa kuyumba: hata 1 kwa 100 husikika kwenye simu.

Foleni ndicho kipimo kinachosahaulika kuliko vyote. Ni muda wa kujibu wakati mtu mwingine nyumbani anapakia video. Laini tupu saa kumi alfajiri haikuambii kitu.

Mwisho ni mazingira: chumvi ya bahari, mvua za masika na vuli, na stima kukatika.

Pima hivi kabla hujamlaumu mtu

Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya, usitumie waifai. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ping -n 100 192.168.1.1` (au anwani iliyobandikwa mgongoni mwa rauta). Ping hutuma pakiti ndogo na kupima muda wa jibu kurudi. Kwa waya jibu linapaswa kuwa chini ya milisekunde 1. Rudia kwa waifai: 2 hadi 10 ni sawa. Ukiona 80, 150, 4, 210, ugonjwa umo ndani ya nyumba, na kubadilisha kampuni hakutausaidia.

Kisha andika `tracert -d 1.1.1.1`, inayoorodhesha mitambo iliyo njiani hadi 1.1.1.1, anwani ya umma iliyo nje ya kampuni yako. Mstari wa kwanza ni rauta yako. Wa pili au wa tatu ni mlango wa mtoa huduma. Nakili anwani hiyo, ipigie ping 100. Baadhi ya mitambo hukataa kujibu. Hapo chukua mstari unaofuata. Kipimo hiki ndicho cha laini yenyewe, kutoka nyumbani hadi kwa kampuni. Malizia kwa kupiga ping 1.1.1.1.

Sasa anza kupakia faili kubwa, kwa mfano video ya dakika 10 kwenda hifadhi ya mtandaoni, na urudie ping ya mlango wa mtoa huduma. Kama ilikuwa 15 na imekuwa 25, laini ni nzuri. Kama imekuwa 600, umepata foleni. Fanya yote haya asubuhi, tena saa mbili usiku, na ikiwezekana siku ya mvua kubwa. Andika namba. Fundi anayeambiwa “mtandao unasumbua” atazima na kuwasha rauta aondoke. Anayeonyeshwa pakiti 7 zilizopotea kati ya 100 kwenye mlango wa kampuni yake hana pa kukwepea.

Waya wa shaba wa simu

Waya huu unatajwa kwanza kwa sababu njia nyingine zote zinaugua ugonjwa uleule, na kwenye shaba ugonjwa wenyewe unasikika kwa sikio.

Laini ya simu ilitengenezewa sauti ya mtu, takriban hezi 300 hadi 3,400. Modemu ya kupiga simu iliibana data yote kwenye nafasi hiyo. Kiwango cha V.34 kilifika kilobiti 33.6 kwa sekunde, na V.90 ya 1998 ikafikisha 56 kwa upande wa kupokea. Hesabu ya kuchelewa ni rahisi: pakiti kamili ya mtandao ni baiti 1,500, yaani biti 12,000. Kwa kilobiti 33.6 pakiti hiyo inahitaji milisekunde 357 kuondoka tu kwenye modemu, kabla haijasafiri hata mita moja. Kwa kilobiti 14.4 inahitaji 833. Ndiyo maana ping ndogo ilirudi kwa milisekunde 150 hivi, lakini mtu akianza kutuma barua pepe yenye picha, ping ileile ilipanda hadi sekunde mbili. Ilikuwa kwenye foleni nyuma ya picha.

Kelele kwenye waya ziliongeza mambo mawili juu ya hapo. Kwanza modemu ilishuka ngazi: V.34 hushuka kwa hatua za biti 2,400, kutoka 33,600 hadi 31,200, 28,800 na kuendelea, na kila hatua inarefusha muda wa kutoa pakiti. Pili, kinga ya makosa ya V.42 ilikataa kupokea fremu (kifungu cha data) iliyoharibika na kuagiza irudiwe. Mtumiaji hakuona kosa lolote. Aliona kusitasita tu. Laini chafu haipunguzi maneno, inayarudia, na kila kurudia ni muda. Kelele zikizidi kabisa, modemu mbili zilisimamisha mazungumzo na kuanza kupimana upya, sekunde kadhaa za kimya ambapo hakuna kinachopita.

Jambo moja hapa huwashangaza wengi. Mashine za kadi za madukani zilizotumia laini ya simu mara nyingi zilichagua modemu ya polepole sana, biti 1,200 au 2,400 kwa sekunde, kwa makusudi. Ujumbe wa kadi ni baiti chache, na modemu ya polepole huelewana na mwenzake kwa muda mfupi, ilhali V.90 ilihitaji hata nusu dakika kwa salamu peke yake. Upana mkubwa ungemchelewesha mteja.

*Muda wa kujibu leo.* Kwa nyumba ambazo waya bado upo na una DSL (intaneti inayopita kwenye waya uleule wa simu), tarajia milisekunde 10 hadi 50 hadi kwenye mlango wa kampuni. Pengo hilo kubwa hutokana na mpangilio mmoja: kampuni ikiona laini ina kelele, huzitawanya biti za pakiti moja kwenye muda mrefu zaidi ili mlipuko wa kelele usiiharibu yote. Kinga hiyo inaweza kuongeza milisekunde 20 au zaidi. Ukisafisha waya, unaweza kuomba ipunguzwe.

*Kinachochafua.* Umbali kwanza: ADSL, aina ya DSL, huchoka kadiri waya unavyokaribia kilomita 5. Kisha viungio. Kwenye hewa ya pwani shaba iliyoungwa kwa kusokotwa bila jeli hupata kutu ya kijani, na upinzani wa kiungio hubadilika kila mvua na kila jua. Fungua kisanduku cha ukutani: ncha za waya zikiwa za kijani au nyeusi, kata sentimita mbili, menya upya, unga kwa viungio vyenye jeli. Ondoa soketi za ziada zilizounganishwa sambamba. Kila tawi lisilotumika hurudisha mwangwi. Kila simu inayobaki iwe na kichujio chake. Waya bapa kati ya ukuta na modemu uwe mfupi, mbali na taa za tyubu na rigeleta ya feni.

Kujaribu ni rahisi. Chomoa vyote, chomeka simu moja ya kawaida kwenye soketi ya kwanza, bonyeza tarakimu moja ili mlio ukatike, usikilize. Kimya ni afya. Mchakacho kama mafuta kikaangoni ni kiungio kibovu au maji kwenye kebo. Mngurumo mzito wa stima ni waya mmoja uliogusa ardhi. Kwenye ukurasa wa modemu, tazama ziada ya mawimbi juu ya kelele: chini ya desibeli 6 itakatika mara kwa mara, 9 hadi 12 imetulia.

*Mvua, chumvi, stima.* Mvua ni adui wake mkubwa. Stima ikikatika, simu yenyewe huendelea kwa umeme unaotoka kwa kampuni, lakini modemu ya DSL huzima. Wizi wa nyaya za shaba nao umeacha mitaa mingi nchini bila laini.

*Inamfaa* aliye na waya mfupi, mkavu, ambao tayari upo na unafanya kazi. Kuanza upya na shaba leo hakuna sababu.

Faiba

*Muda wa kujibu.* Milisekunde 2 hadi 10 hadi kwenye mlango wa kampuni, na hauyumbi. Mwanga ndani ya kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo mtaa mzima wa Nyali ni sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Pakiti ya biti 12,000 kwenye laini ya Mbps 10 hutoka kwa milisekunde 1.2. Linganisha na zile 357.

*Kinachochafua.* Mfumo wa GPON unaotumika kwa nyumba nyingi hugawa uzi mmoja kwa wateja 32 au 64, wakishiriki gigabiti 2.5 za kushuka na 1.25 za kupanda. Mgawanyo huo mara chache ndio tatizo. Matatizo halisi ni matatu: uzi uliokunjwa, kichwa kichafu, na kampuni kubana njia yake ya kutoka.

Ingia kwenye ukurasa wa kisanduku cha faiba utafute nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa dBm (kipimo cha nguvu; kadiri namba inavyozidi kuwa hasi, nguvu ni ndogo). Kati ya −15 na −25 ni sawa. Karibu na −27 ni ukingoni: itafanya kazi leo na kukatika kesho. Ikiwa ilikuwa −19 fundi alipofunga na sasa ni −26, kuna kitu kimebadilika. Mara nyingi ni mkunjo: kabati limesogezwa likaubana uzi ukutani, au uzi umefungwa kwenye msumari kwa kona kali. Usikunje kwa duara lenye nusu kipenyo cha chini ya sentimita 3, hata kama kuna aina za uzi zinazovumilia zaidi. Kichwa cha kijani hakiguswi kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kula desibeli kadhaa. Husafishwa kwa kitambaa kisicho na nyuzi na alkoholi safi, na hakichomekwi kwenye kichwa cha bluu, maana pembe zao hazilingani. Wala usichungulie ndani yake: mwanga huo hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza.

Taa nyekundu ya LOS maana yake mwanga haufiki kabisa. Hapo huna la kufanya ndani. Uzi umekatika nje, mara nyingi na lori refu, mtaro unaochimbwa, au moto wa takataka chini ya nguzo.

Tahadhari kwa wakazi wa maghorofa. Neno “faiba” kwenye tangazo linaweza kumaanisha uzi umefika chini ya jengo, kisha kila nyumba inapelekewa waya wa kawaida kutoka swichi moja. Si vibaya, ila swichi hiyo ikizima kwa stima ya jengo, mnazima wote. Uliza uzi wa kioo unaishia wapi.

*Mvua, chumvi, stima.* Kioo hakishiki kutu wala hakipitishi umeme wa radi. Kisanduku na rauta hula wati 12 hadi 18 kwa pamoja. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, unapata karibu saa tatu.

*Inamfaa* yeyote ambaye uzi unapita mtaani kwake na hatahama kesho kutwa.

Redio ya juu ya paa

Hii ni ile sahani ndogo au kisanduku cheupe kinachotazama mnara wa kampuni ya mtaa, kwa kawaida kwenye masafa ya GHz 5.

*Muda wa kujibu.* Laini nzuri hujibu kwa milisekunde 3 hadi 15, karibu sawa na faiba. Lakini mnara wenyewe unaweza kuwa umepata intaneti kutoka mnara mwingine, na ule kutoka mwingine tena. Uliza: kutoka mnara huu hadi kwenye faiba kuna miruko mingapi ya redio? Mmoja au miwili ni sawa.

*Kinachochafua.* Kuona mnara kwa jicho hakutoshi. Mawimbi huhitaji nafasi yenye umbo la yai refu, nene katikati, kati ya antena mbili. Kwa kilomita 1 kwenye GHz 5.8, nusu kipenyo cha nafasi hiyo katikati ni kama mita 3.6, na angalau asilimia 60 yake, yaani zaidi ya mita 2, inapaswa kuwa wazi. Mnazi uliokuwa chini ya mstari mwaka juzi leo makuti yake yamo ndani, na makuti yenye maji hunyonya mawimbi. Ndiyo sababu laini za aina hii hulegea mvua ikinyesha ingawa mvua yenyewe haiwezi kuzima GHz 5 kwa umbali mfupi.

Mombasa kuna mtego wa pekee. Laini inayovuka maji, kwa mfano kutoka kisiwani kwenda Likoni au kuvuka mkono wa bahari wa Tudor, hupokea wimbi la moja kwa moja na lingine lililogonga uso wa maji. Maji yakijaa na kupwa, urefu wa ile njia ya pili hubadilika, na kuna saa mawimbi mawili yanauana. Wakati wa bamvua, maji yanapopanda na kushuka zaidi ya mita 3, laini inaweza kuharibika saa tofauti kila siku na kupona yenyewe, na fundi akija anakuta ni nzima. Ukiona hivyo, weka rekodi ya saa za kukatika kando ya saa za maji kujaa. Zikifuatana, dawa ni kubadilisha kimo cha antena au kuisogeza ili ukingo wa paa au ukuta uzibe lile wimbi la chini.

Nguvu ya mawimbi iwe kati ya −50 na −65 dBm. Ikifika −75, redio inashuka ngazi na kurudia pakiti, sawasawa na modemu ile ya simu.

*Mvua, chumvi, stima.* Chumvi hula pini za waya wa mtandao kwenye mlango wa redio. Waya uwe wa nje, ukunjwe kama herufi U chini ya mlango ili maji yadondoke yasiingie, na mlango ufungwe kwa utepe wa mpira. Kagua kila mwaka kabla ya masika. Umeme ni kidogo, ila mnara nao unahitaji betri. Uliza unadumu saa ngapi stima ikipotea.

*Inamfaa* aliye mbali na faiba lakini ana paa lenye uwazi, na fundi wa kampuni anayefikika.

Modemu ya 4G na 5G

*Muda wa kujibu.* 4G hujibu kwa milisekunde 30 hadi 60 mambo yakiwa shwari, 5G chini kidogo. Sehemu ya muda huo ni utaratibu: modemu lazima iombe ruhusa ya mnara kabla ya kutuma. Kipande kikiharibika hewani, 4G hukirudia baada ya milisekunde 8 hivi, kikiharibika tena hurudiwa tena. Utaona ping za 38, 46, 54. Hiyo ngazi ya nane nane ni kule kurudia.

*Kinachochafua.* Watu. Mnara mmoja hugawana kati ya wote walio chini yake, na saa mbili usiku milisekunde 40 zinaweza kuwa 200. Hakuna antena inayotibu foleni ya mnara. Unachoweza ni kujaribu mnara mwingine au kampuni nyingine. Azima laini ya kila kampuni, weka kwenye simu, pima jioni, ndipo ununue modemu.

Kinachotibika ni mawimbi. Kwenye ukurasa wa modemu tazama RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (mawimbi yakilinganishwa na kelele). RSRP ya −80 ni nzuri sana, −100 inavumilika, −110 ni mbaya. SINR ndiyo muhimu zaidi: juu ya 13 ni nzuri, chini ya 5 kelele ni nyingi mno. Kuta nene za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale humeza mawimbi. Modemu iliyo sebuleni chini ikipandishwa hadi dirisha la juu upande wa mnara inaweza kupata desibeli 15 bila gharama yoyote. Geuza kidogo kidogo, subiri dakika moja kila mara, soma SINR.

Soma masharti ya kifurushi kisicho na kikomo. Vingi hushusha kasi ukivuka kiasi fulani. Kwa Mbps 1, kila pakiti kamili ni milisekunde 12, na pakiti 50 za video ya mtoto zilizotangulia kwenye foleni ni milisekunde 600 kabla ya sauti yako kupita.

*Mvua, chumvi, stima.* Hakuna cha kushika kutu nje, na modemu nyingi hula umeme mdogo. Nyingine zina betri ndani.

*Inamfaa* mpangaji anayehama, anayetaka kuanza leo, na kama akiba ya njia nyingine yoyote.

Setilaiti

*Muda wa kujibu.* Tenganisha aina mbili. Setilaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu. Kwenda na kurudi ni njia nne za urefu huo, karibu milisekunde 480 hata kifaa kiwe kizuri namna gani. Zile za chini kama Starlink, iliyofungua huduma Kenya Julai 2023, ziko kama kilomita 550 juu, na kwa kawaida hujibu kwa milisekunde 25 hadi 60 hadi kituo cha ardhini, kisha huongezwa njia ya kutoka hapo. Muda huruka kidogo kila sekunde 15 sahani inapopangiwa setilaiti upya. Mchezaji wa gemu huuona mruko huo. Mwenye mkutano wa video mara chache.

*Kinachochafua.* Mti. Mwembe mmoja upande mbaya unaweza kukata laini kwa sekunde chache mara kadhaa kwa saa. Tumia programu ya simu inayochora anga kabla ya kutoboa paa. Mvua kubwa ya masika nayo hupunguza, wakati mwingine hukata kwa dakika chache.

*Mvua, chumvi, stima.* Sahani ya kawaida hula takriban wati 50 hadi 100, ndogo 25 hadi 40. Ile betri ya wati-saa 84 haitakupeleka mbali.

*Inamfaa* shamba, kambi au nyumba ambayo uzi haufiki na mnara hauonekani, yenye anga wazi na umeme wa jua wa kutosha.

Baada ya ufuo

Laini yako ikishakuwa safi, kilichobaki ni safari ambayo huwezi kuifupisha. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti za juu. Mwaka huo TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Nairobi, kilomita 480 hivi kwa barabara, haiwezi kujibu chini ya milisekunde 4 kwa kwenda na kurudi. Ulaya mara nyingi hupita 100. Nyaya za baharini zikikatika, kama ilivyotokea Bahari ya Shamu Februari 2024 na pwani ya Afrika Kusini Mei 2024, pakiti huzungushwa njia ndefu na faiba yako ya milisekunde 3 itajibu Ulaya kwa kuchelewa bila kosa lake. Ndiyo maana kipimo cha mlango wa kampuni kinatengwa na kile cha 1.1.1.1.

Kwa hali yako

Wakala wa forodha karibu na Kilindini, mwenye mifumo ya serikali wazi siku nzima: faiba kama njia kuu, modemu ya 4G ya kampuni nyingine kama akiba, na betri kwa zote mbili. Akiba ya kampuni ileile mara nyingi huanguka pamoja na njia kuu.

Anayefundisha au kuhudumia wateja wa ng'ambo kwa sauti: tazama kuyumba na pakiti zinazopotea kuliko Mbps. Redio yenye mruko mmoja na −58 dBm itakufaa kuliko 4G ya Mbps 60 yenye SINR ya 3. Chomeka kompyuta kwa waya.

Saiba yenye kompyuta 10: njia yoyote, ila weka rauta inayopanga foleni, na uiwekee kikomo cha kupakia cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima. Foleni ibaki kwenye rauta yako, ambako unaweza kuipanga.

Mpangaji wa Mji wa Kale: pima 4G kwenye dirisha la juu kwanza. SINR ikizidi 13 hata usiku, huna haja ya kutoboa ukuta wa watu.

Likoni au Mtongwe bila faiba, na mnara wa redio uko ng'ambo ya maji: omba majaribio ya wiki mbili yatakayopita bamvua moja, kisha ndiyo uweke sahihi.

Mtwapa na kuendelea kaskazini, shamba lenye miembe: hesabu gharama ya nguzo ya kuinua sahani juu ya miti pamoja na bei ya setilaiti. Nguzo ikihitaji mita 9, linganisha tena na redio.

Na aliye na laini ya zamani ya simu yenye DSL inayokatika kila mvua: fungua kisanduku cha nje siku kavu, tazama rangi ya shaba.